Mguu Huku, Mguu Kule

Bunia, mwanamke aliyeolewa hukaa upande. Nasema juu ya pikipiki, maana ndizo zinazotubeba sote, sokoni, kanisani, hospitalini. Dereva anasimama, mama anapandisha kidogo kikwembe, kitenge cha kiunoni, anageuka, anaketi miguu yote miwili ikielekea upande mmoja, kapu magotini, mtoto mgongoni kama yupo. Pikipiki inaruka mashimo ya mtaa wa Nyakasanza na mama hatikisiki. Anayekaa mguu huku, mguu kule ni mwanaume, au msichana wa shule, au mwanamke ambaye watu wamekwisha kumsema hadi wakachoka. Sheria hii haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua.

Mimi niliivunja nikiwa nimevuka miaka arobaini, juu ya farasi, mchana kweupe. Sijutii hata kidogo, na kama kuna mtu alikuwa anangoja niombe msamaha katika kurasa hizi, asijisumbue kuzisoma.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi, na bado ndiyo kazi yangu ya asubuhi. Nimezaliwa katika familia ya wafugaji wa milimani. Ng'ombe wetu walikwisha katika vita, baba akafia mjini bila hata ndama mmoja, nami nikakua nikimjua mnyama kwa harufu kabla ya kumwona. Niliolewa na mtu wa Butembo, mtoto wa wafanyabiashara. Mume wangu ananunua mchele na mawese Niania. Anakuja nyumbani siku chache, anakula, analala, anaondoka tena. Kwa hiyo mtu niliyeishi naye hasa katika ndoa yangu ni mama yake. Mamamkwe ni mama mnene wa mwendo wa pole, mwenye duka la vitambaa, kiongozi wa kundi la akina mama kanisani, na neno lake katika ukoo halina rufaa. Sikuwahi kumchukia. Tuligombana tu, kila siku, kama watu wanaokula chungu kimoja.

Farasi waliletwa na tajiri mmoja, naye mtu wa Butembo, ambaye mji mzima unamwita patron. Alikuwa na shamba nje kidogo ya mji, upande wa uwanja wa ndege. Alijenga mgahawa, akachimba bwawa la samaki, kisha akaona haitoshi, akaagiza farasi wanne kutoka Uganda. Waliteremka kwenye lori lililopitia mpakani Mahagi, wamekonda, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Watoto waliwafuata barabarani wakiita, "Punda, punda." Mpango wa patron ulikuwa rahisi: Jumapili wenye uwezo walete watoto wao, wapande, wapigwe picha, wanywe soda. Ukaenda vizuri mpaka mtoto wa mkubwa mmoja alipoanguka na kuvunjika mkono. Hapo patron akaapa kwamba hakuna mtu atakayemshika mtoto juu ya farasi wake bila brevet, cheti cha mwalimu, cha kweli, chenye muhuri. Na kwa kuwa Bunia nzima hapakuwa na mwenye karatasi ya namna hiyo, akamleta mtu kutoka Kinshasa kwa ndege.

Huyo tulimwita Mwalimu. Alikuwa mzee mwembamba, mfupi, shati limepigwa pasi hata siku za matope. Alikuwa na brevet tatu, moja juu ya nyingine kama ngazi: ya kupanda, ya kufundisha wanaoanza, na ya kufundisha wale watakaofundisha. Katika nchi hii nimekutana na watu wengi ambao diploma ndiyo inayowabeba. Yeye aliibeba yake. Aliweza kukupa mgongo, akasikiliza kwato zikizunguka uwanja, akakuambia kwamba mkono wako wa kushoto umekaza hatamu. Nilibisha mara moja, nikatazama mkono wangu, nikaulegeza.

Patron alimpa kiangazi kizima amtayarishe mtu wa hapa. Mwishoni atakuja mtahini. Mtu huyo akifaulu, uwanja unabaki na kazi ni yake. Akishindwa, farasi wanarudishwa walikotoka na Mwalimu anarudi kwake. Habari hii niliipata kwa mzazi mmoja shuleni, na jioni hiyo hiyo nilikuwa nimesimama kwenye lango la shamba. Tulianza watu kadhaa, wanaume wote isipokuwa mimi. Mmoja aliumwa bega na farasi akaaga. Wengine walitegemea kwamba brevet hupatikana kwa kumzoea mkubwa, kumbe huyu mkubwa hazoeleki. Mwishowe nikabaki peke yangu.

Siku ya kwanza nilipanda juu ya sanduku la mbao, nikashika tandiko, na mwili wangu ukafanya ulichozoea. Niligeuka nikaketi upande, miguu yote kushoto, mikono magotini, tayari kwenda sokoni. Mwalimu hakucheka.

"Mama," alisema, "pikipiki iko na moteur, haijali namna unaikala. Huyu iko na mugongo. Ukimukalia upande mumoja, iko anabeba mutu mumoja na nusu."

Nikatazama lango. Hapakuwa na mtu ninayemjua. Nikapitisha mguu.

Niseme wazi nilichosikia: furaha. Nilikuwa nimebebwa miaka yote, mgongoni kwa mama, kwenye lori la wakimbizi, nyuma ya pikipiki nikitazama maduka yakipita kwa ubavu. Sasa nilikuwa natazama mbele, kati ya masikio mawili, na kitu kikubwa chenye uhai kikaenda kwa sababu mimi nimetaka kiende. Nilizunguka ule uwanja mdogo nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Tangu hapo niliitaka ile brevet jinsi mtu anavyotaka maji, na sikumficha yeyote.

Kuitaka ni jambo moja. Mwalimu aliondoa vikuku, vile vyuma vya kuwekea miguu, akanizungusha bila hivyo kwa wiki nyingi mpaka mapaja yakawa kama si yangu. Nyumbani nilipanda kitanda kwa kutumia mikono. "Angalia mbele, mama," aliniambia kila aliponiona nainamisha kichwa. "Chini utafika siku ingine." Ufugaji wa kwetu ulinisaidia kidogo na kunidanganya zaidi. Ng'ombe unamfuata nyuma, unamswaga, unampiga kofi la mapenzi kwenye paja. Nilimfanyia hivyo jike mmoja wa kijivu, naye akarusha miguu yote ya nyuma. Ubao wa zizi ulipasuka karibu kabisa na sikio langu. Mwalimu alinitazama akasema tu kwamba mtoto wa wafugaji inabidi ajifunze mara mbili, mara moja kusahau na mara moja kujua. Nilikasirika, kisha nikaenda kusahau.

Sasa, mji una macho. Kwenda shambani nilivaa suruali chini ya kikwembe, nikakivua kikwembe nikifika, nikakivaa tena kabla ya kutoka. Kwa muda nilijiona mjanja. Lakini wapo waliokuja kunywa soda, wakaona, wakasimulia kwenye barabara ya Lumumba, na kutoka huko habari ilifika dukani kwa mamamkwe kabla mimi sijafika nyumbani.

Niliitwa kwenye kikao cha familia, Jumamosi mchana, sebuleni kwetu. Walikuwapo mamamkwe, shemeji mkubwa ambaye ni kaka wa mume wangu, na mume wangu mwenyewe ndani ya simu iliyowekwa juu ya meza, sauti imefunguliwa, akiwa Niania kati ya magunia yake.

"Banasema kule sokoni," alianza mamamkwe, "bibi ya mutoto yangu iko anapanua miguu juu ya punda."

"Ni farasi, mama."

"Hata kama ni ndege."

Shemeji, ambaye hupenda amani kuliko ukweli, akasema amewahi kuona picha za wanawake wa kizungu wa zamani, wamevaa kofia kubwa, wameketi juu ya farasi kwa upande. Kwa nini nami nisifanye vile? Nikamjibu kwamba nilikwisha kumuuliza Mwalimu. Lile tandiko lipo, lina pembe za kushikilia paja, na huku kwetu hakuna hata moja. "Na hata lingekuwepo, shemeji, mtihani unataka mguu huku, mguu kule. Na mimi pia nataka hivyo."

"Weye unataka," alisema mamamkwe polepole. "Siye tutasema nini kwa batu?"

"Museme iko anafanya kazi."

Simu ikakohoa. Mume wangu akasema, "Musikilizane na mama."

"Nimemusikia mama," nikasema. "Njo maana namujibu."

Kikao kikaisha kwa hukumu. Mpaka nitakapomwacha yule mnyama, nisiimbe tena katika kwaya ya akina mama, wala nisivae kitambaa cha kundi. Nilikuwa nimeimba sauti ya pili katika kwaya hiyo tangu kabla ya mtoto wangu wa kwanza. Niliingia chumbani, nikakunja kile kitambaa pembe kwa pembe, nikakileta, nikakiweka mapajani kwa mamamkwe. Iliniuma sana. Usiku ule sikula, na Jumapili nilikaa benchi la nyuma kanisani nikisikia pengo langu ndani ya wimbo, sauti ya pili imelegea. Lakini Jumatatu nilienda shambani, na safari hii kikwembe nilikiacha nyumbani. Nilipita barabara kuu na suruali yangu, nyuma ya pikipiki, mguu huku, mguu kule. Maji nilikuwa nimekwisha kuyavulia nguo.

Mtihani ulikuwa na sehemu tatu. Kwanza kupanda mwenyewe. Pili kumtunza farasi, kutoka meno hadi kwato. Tatu, ambayo Mwalimu aliiita mlango, ni kumfundisha mtu asiyewahi kupanda hata siku moja: kumpandisha, kumketisha, kumtembeza, kumteremsha salama, mtahini akitazama. Mwanafunzi huyo unamleta mwenyewe. Ukija mikono mitupu, hakuna mtihani.

Mimi niliona hilo ndilo jepesi kuliko yote. Nina shule nzima ya watoto. Mama mmoja aliniahidi binti yake, mwingine mvulana wake, wa tatu aliniambia niwachukue wote. Kisha kikao chetu cha familia kikapita mitaani, kama vikao vyetu vyote vinavyopita, na wakaanza kunifuata mmoja mmoja nje ya darasa. Mtoto ana homa. Mtoto ana safari. Wa tatu alikuwa mkweli, namheshimu kwa hilo. "Madame, unajua ule mama mukwe yako njo iko anatupimia vitambaa. Siye tutaenda wapi?" Nilizunguka mpaka kwa wale wa kambi ya waliokimbia vita, na huko nako walinijibu kwamba shida walizo nazo zinatosha.

Siku ya mtihani ikafika sina mwanafunzi. Mtahini alikuwa mwanamke, mtu wa Lubumbashi, mwenye nywele fupi za mvi na buti zilizochakaa kuliko zangu. Mwalimu alimsalimia kwa kuinama. Baadaye niliambiwa yeye ndiye aliyempa brevet ya tatu. Hakutabasamu wala hakununa. Nilipanda mbele yake, na sikuwa mbaya. Nikamfungua farasi mdomo, nikainua kwato, nikataja magonjwa. Aliandika bila kuinua uso.

"Mwanafunzi?" akauliza.

Nikasema hakuja.

Patron alikuwa ameketi chini ya paa la mgahawa na chupa yake ya maji. Aliguna, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nilijua. Bamama ya Bunia, njo vile."

Hapo ndipo nilipoona kwamba lango limefunguliwa. Mamamkwe alikuwa anashuka kwenye pikipiki. Alikuwa amekaa upande, bila shaka, mkoba mapajani, na amevaa kitambaa cha kundi la akina mama na kilemba chake cha Jumapili. Nilijua amekuja kunichukua mbele ya wageni, na nilikuwa nimekwisha kuapa moyoni kwamba sitaenda. Alikuja moja kwa moja, kwa ule mwendo wake wa pole, mpaka kwenye uzio wa mbao wa uwanja.

"Nani iko anasema bamama ya Bunia?" akauliza.

Patron akasimama haraka. Wanajuana tangu Butembo, tangu patron akiuza sigara moja moja mbele ya duka la mume wa huyu mama. "Mama, sikusema juu yako."

"Mimi ni mama. Niko naikala Bunia. Umesema juu ya nani?" Kisha akanigeukia mimi. "Mwanafunzi iko wapi?"

"Hayuko, mama. Balikataa bote."

Alijua kwa nini walikataa, na nilijua kwamba anajua. Alimtazama yule farasi wa kijivu, kisha akamtazama patron, kisha yule mwanamke wa Lubumbashi na karatasi yake. Mambo ya ndani ni ya ndani. Hilo ndilo nililojifunza kwake kuliko yote. Ndani ya nyumba atakuvua nguo kwa maneno. Mgeni akikucheka nje, amemcheka yeye.

"Inaomba mutoto?" akamuuliza mtahini.

"Inaomba mutu asiyepanda bado," mtahini akajibu. "Sheria haisemi miaka ngapi."

"Basi, niko hapa."

Nilimletea kofia ngumu. Akakataa kuvua kilemba, tukaibana kofia juu ya kilemba mpaka uso wake ukawa mdogo katikati. Nilimweleza nini kitatokea, kama nilivyofundishwa, hatua baada ya hatua, mkono wangu kwenye shingo ya farasi. Nikamwambia apande sandukuni, ashike hapa, apitishe mguu wa kulia. Akapanda sandukuni, akashika hapa, akageuka, akaketi upande. Miguu yote kushoto, mikono magotini, macho mbele.

"Mama," nilimwambia kwa sauti ya chini, "mguu mmoja unapita ule upande."

"Ya kwangu hapana."

Mtahini alikuja karibu. "Madame, mwanafunzi yako anaikala mubaya. Mwalimu anarekebisha. Murekebishe."

Mwalimu, nyuma yake, alinifanyia ishara ya haraka kwa vidole: pitisha, pitisha. Uso wake ulikuwa umejaa huruma, na hofu pia, maana brevet yangu ilikuwa kazi yake ya kiangazi kizima. Nami niliitaka, nimekwisha kusema jinsi nilivyoitaka. Mguu wa mamamkwe ulikuwa mbele ya pua yangu, kiatu chake cha Jumapili kinang'aa. Ningeweza kuusukuma kidogo, kumbembeleza, kumtia aibu mbele ya patron, naye angepitisha.

"Nimekwisha kumwambia," nikamjibu mtahini. "Amekataa. Mguu ni wake."

"Kwa ile unaweza kukosa brevet."

"Nikose. Mimi batu balinikalisha kikao juu ya miguu yangu. Sitamukalisha mama kikao juu ya miguu yake."

Sikulisema kwa upole. Kama kungekuwa na ukuta karibu ningeupiga teke. Nikachukua kamba ya farasi, nikaanza kumtembeza mamamkwe kama alivyokaa, polepole, mkono wangu karibu na goti lake ili asiteleze. Nikamfundisha yote niliyoweza kumfundisha mtu aliyekaa upande. Pumua. Legeza bega. Usimshike shingo, mwache aongoze kichwa chake. Angalia masikio yake. Alifanya kila kitu mara ya kwanza. Mwanamke aliyekwenda Komanda na kurudi juu ya pikipiki na magunia ya maharage, mvua ikinyesha, haogopi farasi anayetembea. Tulizunguka mara kadhaa, nikamsimamisha mbele ya mtahini.

Yule mwanamke wa Lubumbashi alifunika kalamu yake. "Unaongea muzuri," aliniambia. "Mwanafunzi anakusikia, farasi pia. Lakini sheria iko wazi. Mwenye kuanza anaikala mguu huku na huku, na miguu ndani ya vikuku. Bila ile, somo haikuisha, na mimi siwezi kuandika kama iliisha. Utarudia siku ingine."

Siku nyingine haikuwapo, sote tulilijua hilo. Patron alikuwa tayari anatazama farasi wake kwa macho ya mwuzaji. Nikasema sawa. Sikulia. Nilikuwa na hasira hadi kwenye ncha za vidole, lakini haikuwa hasira ya kujutia.

Mamamkwe alikuwa bado juu. "Kama napitisha mguu," alisema bila kumtazama mtu yeyote, "anapata?"

"Mama, usifanye juu yangu."

"Sikukuuliza ile."

Mtahini akasema, "Akifundisha vizuri, anapata."

Mamamkwe akanyoosha kidole kuelekea mgahawani. "Weye, geuka." Patron akageuka. Kidole kikahamia kwa Mwalimu. "Na weye muzee ya Kinshasa. Geuka." Mwalimu, mwenye brevet tatu, akageuka mara moja, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Alipohakikisha kwamba wanaume wote wa uwanja ule wanatazama mbali, mamamkwe alivuta ncha ya kikwembe kutoka nyuma, akaipitisha katikati ya miguu, akaichomeka kiunoni kwa mbele, kama afanyavyo mwanamke anayeingia kulima matuta. Akashika mbele ya tandiko. Nami nikasema, kwa sauti ya mwalimu, maana sasa somo lilikuwa linaendelea, "Inama kidogo. Inua mguu wa kulia. Pole pole. Farasi anangoja."

Akaupitisha.

Niliweka miguu yake katika vikuku, viatu vya Jumapili na vyote. Nikaanza upya. Alikaa wima, mgongo kama mlango, mikono chini, kidevu juu, na farasi wa kijivu, ambaye ana dharau kwa kila anayeanza, alitembea kwa adabu. Mwalimu alitupa mgongo akisikiliza kwato. Nikamwambia mamamkwe asukume kidogo kwa miguu, akasukuma, farasi akaongeza hatua. Nikamwona akifungua mdomo. Aliufunga tena, na uso wake wote, ndani ya ile kofia iliyobana, ukawa uso wa mtu ambaye sikuwahi kukutana naye katika ile nyumba.

Nilimsimamisha, nikamteremsha, nikamshukuru mwanafunzi kama inavyotakiwa. Mtahini akaandika, akasaini, akanipa mkono. Mamamkwe alikwisha kuchomoa kikwembe na kukinyoosha. Aliita pikipiki, akakaa upande, akaondoka bila kuniaga.

Brevet ninayo. Uwanja upo, farasi wapo, wa tano amezaliwa hapa hapa. Jioni na Jumapili nafundisha, na wasichana ni wengi kuliko wavulana. Wanakaa mguu huku, mguu kule; mama zao wanasimama kwenye uzio, wengine wananuna, wengine wananiuliza kwa kunong'ona kama na wao wanaweza. Akina mama wa kwaya walituma mtu: nikiomba msamaha mbele ya kundi, narudi. Nikasema nitarudi kuimba siku yoyote, lakini msamaha sina. Mpaka leo nakaa benchi la nyuma na kuimba sauti ya pili kutoka huko, kwa nguvu, na wao wanajua ni nani.

Mamamkwe yeye hajabadilisha neno hata moja. Kwake mwanamke aliyeolewa hukaa upande. Anapoulizwa juu ya siku ile, na huulizwa sana, anasema kwamba alikwenda kumtetea mke wa mwanawe, kwamba alipanda, ndiyo, lakini alikaa upande kama mama mwenye heshima, mwanzo hadi mwisho. Waliokuwapo waligeuza migongo, hawana la kusema. Mtahini yuko Lubumbashi. Dukani, ninakomsaidia siku nyingine, mbele ya wateja, amenitazama machoni akiisema hadithi hiyo, nami kwa miaka hii yote nimepima kitambaa na kunyamaza.

Leo sinyamazi. Mama, ulipitisha mguu. Uliketi mguu huku, mguu kule, ukasukuma, na farasi akakusikia, na ulifurahi. Niliona kwa macho yangu. Uitishe kikao.